Watoto wa Giza, Watoto wa Jua

Jumapili, 21 Novemba 1971

Sikukuu imekwisha, visheti vimebaki nusu kopo, na Biasha kanipa daftari hili. Kasema, "Mama, maneno yako mengi. Mengine yaandike, baba apumzike." Mtoto huyu! Lakini nimelipokea. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hati yangu walimu walikuwa wakiipitisha darasani wenzangu waitazame. Mkono haujasahau.

Sasa nieleze habari yenyewe, maana ni kubwa. Katika walimu wote wa hesabu wa Unguja hii, mwanangu Biasha, miaka ishirini na mbili, ndiye aliyechaguliwa kupanga picha ya halaiki ya sherehe za Januari. Si picha ya kalamu. Ni picha ya watoto! Jukwaa zima la upande mmoja wa uwanja litajaa watoto wa skuli, safu juu ya safu. Kila mtoto atakuwa na kitabu cha makaratasi magumu, kila ukurasa rangi yake. Bendera ndogo ikipepewa upande wa pili, wote wanafunua ukurasa mmoja kwa pamoja, na sisi tunaotazama hatuoni watoto tena, tunaona picha. Mtoto mmoja, nukta moja.

Picha ya mwisho ndiyo kubwa: nyumba mpya za maghorofa, na nyuma yake jua linachomoza, miale imetawanyika kwenye mbingu nyeusi. Ilichorwa na mgeni mmoja, akapanda ndege akenda zake. Kuigeuza iwe ya watoto, kaachiwa Biasha.

Baba yake, Miraji, kaniambia, "Usimtangaze mapema." Yeye seremala, mtu wa kupima mara mbili kabla hajakata. Mimi si seremala.

Jumanne, 23 Novemba

Mvua ya vuli tangu alfajiri. Foleni ya mchele ndefu. Nimewaeleza wote, wa mbele yangu na wa nyuma yangu.

Ijumaa, 26 Novemba

Leo baada ya sala tulipata ugeni hapa Mkunazini. Ndugu Mmanga mwenyewe, mkubwa wa kamati ya picha, kapanda ngazi zetu zote mpaka ghorofa ya pili. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, maneno machache. Nilimtilia chai na mkate wa kumimina, kala vipande vitatu. Kamwambia Biasha, "Miale inyooke, Ndugu Biasha. Jua lililopinda si jua letu." Halafu kacheka. Hatukujua kama na sisi tucheke.

Kaja pia mwalimu mmoja, Machano, Mtumbatu, ndiye atakayewakalisha watoto jukwaani. Huyu katuachia tope ngazini, chai kainywa kwa sauti, na macho yake yalikuwa kwenye karatasi za Biasha tangu kuingia mpaka kutoka. Au hayakuwa kwenye karatasi, sijui. Mwanangu sikumlea kwa ajili ya watu wa tope.

Jumapili, 28 Novemba

Biasha katandaza karatasi ya miraba sakafuni, kila mraba mtoto mmoja, na kazichukua kete za bao za baba yake. Mdogo wake, Mwanamkasi, ana miaka kumi na yeye yumo katika halaiki, basi kakaa pembeni anatazama.

"Mama, hebu ona," Biasha kasema. "Mwale ukilala, hauna taabu, unawachukua watoto wa safu moja. Ukisimama wima vile vile. Ukipanda safu moja kila ukienda mtoto mmoja, inakuwa ngazi nzuri. Taabu ni huu hapa, unakwenda watoto watano na kupanda safu mbili. Unapita katikati ya watoto, na mtoto hakatiki nusu. Sasa nani awe jua, nani awe giza?"

"Waliotakata wawe jua," nikamwambia.

Kacheka mpaka kete zikamwanguka. Halafu kanionesha. Kila akienda mbele mtoto mmoja, anatia kete mbili mkononi, kwa sababu ya zile safu mbili. Kisha anatazama kama zimepita nusu ya tano. Hazijapita, anabaki safu ile ile. Zimepita, anapanda safu moja, na akishapanda anatoa kete tano.

"Utatoaje tano na mkononi una nne?" nikamuuliza. Mimi si mtu wa kupitwa.

"Naikumbuka moja inayopungua, mama. Nitaikata mbele."

Basi kabaki, kapanda, kabaki, kapanda, kabaki. Kufika mwisho mkono mtupu, na mwale umetua pale pale alipotaka mgeni. Hapana nusu, hapana robo, ni kujumlisha na kutoa tu. Ukiinama juu ya karatasi unaona vidato vidato. Ukisimama mlangoni, jicho linanyoosha lenyewe.

Nimemwita mke wa jirani aje aone. Nimemwita na mume wake.

Alhamisi, 2 Desemba

Mazoezi ya kwanza, na mimi nilikuwepo, maana nimejipa kazi ya kupeleka maji.

Bendera ikapepewa. Nyumba zikatokea, mashaallah, mpaka madirisha. Jua likatokea. Miale iliyolala upande wa kulia na wa kushoto, safi kama uzi. Lakini ile inayopanda juu, iliyo karibu na kusimama, ilikatika. Nukta ya njano, giza, giza, nukta, giza tena. Kama mtu aliyetema mbegu za papai.

Ndugu Mmanga hakupiga kelele. Kauliza polepole, "Nani katia mashimo?" Na kalamu moja kaitoa mfukoni.

Machano kasema huenda watoto wamekosea ukurasa. Biasha kasema, "Hapana, watoto wamefanya nilivyowaandikia. Kosa ni langu, nitalitafuta." Nilitamani nimzibe mdomo. Siku hizi mtu hajiandikii kosa hivi hivi. Mtaa wa tatu kutoka kwetu yuko mtu aliyeitwa kujibu suali moja, na mkewe mpaka leo anampelekea nguo.

Jumamosi, 4 Desemba

Kalijua! Alikuwa anaosha vyombo, ghafla kaacha sufuria na povu lake, kaikimbilia karatasi, kaigeuza ubavu.

Nilivyoelewa ni hivi. Kwenye mwale unaokwenda wawili na kupanda tano, alikuwa akihesabu watoto wa kwenda mbele, na mbele wako wawili tu. Basi kawasha hao wawili, na safu zilizo kati yao hazina mtu. Mwale unaopanda kuliko unavyokwenda lazima uhesabiwe kwa safu: kila safu iwe na mtoto wake, na kete zimwambie lini asogee pembeni. Karatasi ile ile, kete zile zile, yeye tu ndiye aliyekuwa kakaa upande usio wake.

Baba yake kasema, "Mbao pia ndivyo, ukiishika vibaya inakukatalia." Miraji akisema neno refu kama hilo ujue kafurahi.

Kesho watarudia kuvitengeneza vitabu vya watoto wa miale ile.

Jumapili, 5 Desemba

Leo kanijia Bi Sichana, mke wa Ndugu Mmanga, kutoka Kiembe Samaki mpaka hapa kwangu, na halua mkononi. Buibui jipya, udi umemtangulia ngazini. Tumekaa kama ndugu.

Baadaye kashusha sauti. "Bi Mwanakheri, nna jambo. Bakar wangu kakalishwa gizani. Baba yake mkubwa wa kamati, na mtoto hata hatoonekana! Watu watasemaje?"

"Si umwambie babake?"

"Babake! Ati hataki upendeleo. Mtu mkali yule hata nyumbani. Wewe ndiye mama wa mwenye picha. Neno lako dogo tu linatosha."

Neno langu dogo! Nani asiyelainika? Biasha alikuwa skuli anakata makaratasi. Karatasi kubwa ilikuwa ukutani, miraba ya njano inaonekana wazi, safu na namba. Nikamtafutia Bakar mwale mzuri, mrefu kuliko yote, ncha yake. Jukwaani namba zimepigwa rangi kwenye viti, na watoto ni wa skuli nyingi, nani anamjua nani? Mtoto ataambiwa na mama yake akae hapa, na wa hapa aende kule kwake. Ndipo nikaona na Mwanamkasi wangu mwenyewe yuko gizani, dada yake kamweka huko bila hata haya. Nikampa na yeye pahala, katikati ya mwale wa pili. Mtoto wa nyumba yenye picha akae gizani kwa lipi?

Nimemwambia Mwanamkasi asimwambie dada yake, iwe zawadi ya siku yenyewe.

Halua ilikuwa ya Kipemba, laini.

Jumatano, 8 Desemba

Wamekuja mama wawili. Bi Sichana kawaambia.

Ijumaa, 10 Desemba

Wamekuja watatu. Mmoja kaja na kuku. Sikumkatalia, angeona nimemdharau.

Alhamisi, 16 Desemba

Mashimo yamerudi. Lakini si yale. Ile miale ya juu, aliyoigeuza, imenyooka vizuri. Sasa shimo liko hapa, jingine kule, mpaka kwenye miale iliyolala ambayo haikuwahi kuwa na tabu. Na mbinguni, mbali na jua, nukta za njano zimezagaa pahala pasipo na kitu.

Biasha alisimama upande wetu wa uwanja na karatasi mkononi, midomo inahesabu. Ndugu Mmanga kamsogelea. Nilikuwa na ndoo ya maji nyuma yao.

"Mara ya kwanza lilikuwa kosa," kasema. "Mara ya pili lina jina jingine."

"Jina gani, Ndugu?"

"Unalijua. Hujuma."

Mvua ikaanza pale pale, watoto wakafunika vitabu kwa mashati yao. Stoo ya uwanja inavuja, basi kila mtoto kaambiwa akakitunze kitabu chake nyumbani.

Jumamosi, 18 Desemba

Biasha kahesabu upya miale yote. Kete mpaka saa hizi nazisikia, tak, tak. Kila mwale unatoka sawa. Kala kipande cha mkate wa boflo tu.

Jumapili, 19 Desemba

Kaja Machano, kavua viatu chini, ngazi hazikupata tope. Biasha hakuwepo. Kasema, "Shikamoo, Bi Mwanakheri. Nna suali. Watoto hawajahama viti? Nimewauliza namba zao, wote wananijibu sawa na kiti walichokaa. Wanajibu haraka mno, kama waliokaririshwa."

Nikamwambia, "Mwalimu, kukalisha watoto kazi yako, kuuliza wazee wao si kazi yako. Au unatafuta pa kumtupia mwanangu mzigo?"

Kainamisha kichwa. "Simtupii mzigo mtu, mama." Kashuka.

Nimeandika hapa "kama waliokaririshwa," na nimeyasoma maneno hayo mara tatu. Lakini kuhama kiti kunaharibu nini? Mtoto ni mtoto. Kiti cha jua ni kiti cha jua. Kikikaliwa na Bakar au na mwengine, si kinang'ara vile vile?

Jumanne, 21 Desemba

Mvua. Mvua. Hapajakauka kitu.

Jumapili, 26 Desemba

Kitabu cha Mwanamkasi kimeingia maji. Nikawasha jiko la makaa, nikawa nakifunua ukurasa mmoja mmoja kikauke, na Mwanamkasi kakaa mbele yangu.

"Huu wa nini?"

"Wa kwanza, bahari." Buluu.

"Huu?"

"Wa pili, shamba." Kijani.

"Na huu wa tatu?"

"Wa jua, mama."

Ukurasa wa jua ulikuwa mweusi.

"Huu mweusi, mwanangu."

"Eee. Mie si wa giza? Nimehama kiti tu."

Nimekaa pale mpaka ncha ya karatasi ikaungua. Kumbe kiti hakina rangi! Kila kitabu kilishonwa kwa kiti chake. Mwanangu kakipeleka kitabu cha giza katikati ya mwale, katoboa shimo. Na yule mtoto aliyemtoa kaenda na njano yake akaing'arisha mbingu pahala pasipotakiwa. Na Bakar. Na wale wa akina mama wengine, walionijia na walioambizana wenyewe bila kunijia. Mimi ndiye mashimo.

Biasha alikuwa chumba cha pili na kete zake. Tak, tak. Nilisimama mlangoni. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Jumatatu, 27 Desemba

Sijamwambia. Nitamwambia kesho, akitulia.

Jumanne, 28 Desemba

Kesho kuna mazoezi. Nilianza, "Biasha, mwanangu," akaitika, "Naam, mama," na macho mekundu namna ile, nikasema chakula kiko tayari.

Jumatano, 29 Desemba

Naandika haya baada ya Isha.

Mazoezi leo yalikuwa mabaya kuliko yote. Nadhani mama wengi zaidi wamehamisha. Jua lilikuwa kama kanga iliyoliwa na mende. Mimi sikwenda, nilijifanya naumwa, na hilo nalo Mungu anisamehe. Alasiri Mwanamkasi karudi peke yake, analia. Dada kachukuliwa na Ndugu Mmanga ofisini, na mwalimu Machano yuko naye, na kulikuwa na mtu mwengine wa miwani myeusi, hamjui.

Miraji alikuwa anapiga randa mlango wa watu. Nikamwambia yote, tangu halua. Kaiweka randa chini. Hakunitukana. Kasema, "Vaa buibui, twende."

"Wewe kaa na mtoto. Hili langu."

"Mama Biasha..."

"Nikitoka huko salama nitakuhitaji unicheke. Kaa."

Nimekwenda kwa miguu, matope mpaka magotini, mimi niliyekuwa nikiwahesabia watu tope. Mlangoni kijana mmoja kanizuia, nikampita. Ndani, Ndugu Mmanga yuko mezani. Yule wa miwani yuko pembeni, kofia juu ya goti. Biasha kasimama, mikono nyuma kama mtoto wa skuli. Na Machano kasimama mbele yake kidogo, anasema, nami nimeyasikia kwa masikio yangu: "Mimi ndiye niliyewakalisha. Hesabu zake hazina kosa. Kama mnaandika jina, andikeni langu."

Mtu wa tope! Nilitamani ardhi inifunike.

"Bi Mwanakheri," Ndugu Mmanga kasema, "hapa si pahala pa wazee."

"Najua, Ndugu. Lakini mnamtafuta mtu, na nimemleta. Aliyevunja miale ni mimi."

Biasha kageuka. "Mama?"

Nikayasema. Kwamba karatasi ilikuwa ukutani kwangu, kwamba nilimhamisha Mwanamkasi kwa mikono yangu, nikaonesha na wengine pa kukaa. Kwamba mimi niliamini kiti ndicho kinachong'ara. Biasha kanitazama, na uso wake sikuweza kuusoma. Si hasira. Ni kama alivyoitazama ile karatasi siku ya sufuria.

Yule wa miwani kafunua kinywa kwa mara ya kwanza. "Wengine kina nani?"

Ndugu Mmanga kavuta karatasi nyeupe, katoa kalamu. "Majina."

"Langu nshakupa."

"Ya wengine, Bi Mwanakheri."

Hapo nikaona mbele yangu akina mama wote, yule wa kuku, na yule ambaye mume wake hana kazi tangu mwaka juzi. Jina likiandikwa kwenye karatasi ile, nani anajua linakwenda wapi? Nikamtazama Ndugu Mmanga usoni. Hana alijualo, maskini. Kweli hana.

"Ndugu," nikasema, "nikianza kutaja sitochagua. Nitaanza na wa kwanza kunijia. Huyo kaja na halua ya Kipemba, kutoka Kiembe Samaki, nyumba yenye mlango wa kijani na mpapai dume mbele. Nimtaje?"

Kalamu yake ilikuwa imegusa karatasi. Wino ukawa unaenea, nukta moja, ikazidi, ikazidi.

"Kiembe Samaki nyumba nyingi," kasema.

"Nyingi. Zenye mpapai dume, mimi naijua moja."

Feni ilikuwa inazunguka. Machano hakuelewa. Biasha kaelewa, maana kawahi kwenda nyumba ile kupeleka ripoti. Yule wa miwani kamtazama mwenzake muda mrefu.

Ndugu Mmanga kaifunika kalamu. "Haya ni mambo ya akina mama na watoto wao," kamwambia yule bwana. "Hapana hujuma. Ni ujinga." Halafu kanielekea mimi, na sauti ikarudi ile ya polepole. "Sherehe zimekaribia. Siku hiyo likitokea shimo moja, shimo moja tu, sitomwita mwalimu. Nitakuita wewe."

"Niite," nikasema. Ujasiri niliutoa wapi sijui.

Njiani Biasha katangulia. Tumefika mlango wetu, kanishika mkono. "Mama, nimekesha na kete nikidhani nimekuwa mwendawazimu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nshakusamehe. Ila nimekasirika. Yote mawili."

Machano alikuwa nyuma yetu na mwamvuli. Nikamwambia, "Mwalimu, panda unywe chai." Kaanza kuvua viatu. Nikamwambia, "Panda navyo."

Jumapili, 2 Januari 1972

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nilidhani wataogopa wakubali. Wamenikasirikia!

"Wewe ndiye uliyesema kwako picha, kwako jua," mmoja kaniambia. "Sasa wangu arudi gizani, wako ang'are?"

"Wangu ndiye wa kwanza kurudi."

"Na Bakar wa Bi Sichana?"

"Karudi tangu juzi. Babake kamrejesha mwenyewe."

Kapepeta mchele wake. "Giza lina faida gani, Bi Mwanakheri? Niambie kweli."

Nikamwomba zile punje nyeusi alizokuwa anazitoa, nikapanga mstari wa punje nyeupe juu ya ungo, nikazizungusha nyeusi. Halafu nikaitoa nyeusi moja, nikatia nyeupe. Mstari ukavimba kama jipu. Kautazama. "Ntamrudisha," kasema, "lakini kuku wangu nipe."

Kuku tulishamla. Nimempa wa kwangu.

Ijumaa, 7 Januari

Mvua imekatika. Upepo wa kaskazi. Mazoezi mazuri, lakini mashimo mawili bado. Biasha na Machano wamewapata watoto wenyewe, kila kitabu sasa kina namba ya kiti nyuma yake. Silali.

Jumatano, 12 Januari

Alfajiri nilikuwa uwanjani. Jua la kweli kali, watoto wamekaa, vitabu magotini. Mara Machano kaja mbio. Mtoto mmoja wa mwale mrefu kaamka na homa, hakuja. Kitabu chake kimeletwa na kaka yake, kiti kitupu. Shimo moja. Lile langu.

"Tunataka mtoto wa giza akishike hiki," Machano kasema. "Nani?"

Mwanamkasi alikuwa karibu kuliko wote, viti viwili kutoka pale. Kasikia. Kanyanyua shingo, macho yote kwangu. Biasha naye kanitazama, na safari hii aliniuliza mimi. "Mama?"

Wallahi nilitaka. Halali kabisa, kitabu cha njano, kiti cha njano, mwanangu jua!

"Akitoka huyu," nikasema, "ubavuni mwa mwale patabaki kiti kitupu. Mchukue wa pembeni kabisa, kule mwisho, ambako hapana mstari."

Wakamchukua msichana mmoja wa Uroa kutoka pembe ya juu, hata jina lake sikulijua, wala mama yake hakuwepo amwone. Mwanamkasi kainamisha kichwa juu ya kitabu chake.

Nikavuka upande wa pili, nikakaa na Miraji. Ndugu Mmanga alikuwa mbele yetu, karibu na wakubwa, na Bi Sichana nyuma yake. Hakugeuka. Bahari ikaja, ikapita. Shamba likaja, likapita. Biasha kanyanyua bendera. Nikamshika Miraji mkono mpaka kanambia, "Polepole, huo ndio wa kazi."

Bendera ikashuka.

Nyumba zikasimama. Na jua, jua likatoka na miale yake yote, iliyolala, iliyopanda, na ule mrefu mpaka ncha. Mizima. Uwanja mzima ukaguta. Nikahesabu safu, nikahesabu viti, nikimtafuta mwanangu pembeni mwa mwale. Nikafika pale pale alipo. Sikumwona. Palikuwa na giza tu, na ubavu wa mwale umenyooka juu yake kama umekatwa kwa msumeno wa baba yake.

Nimelia. Miraji kaniuliza nalilia nini, nikamwambia vumbi.

Jioni Ndugu Mmanga katupita mlangoni. Kasema, "Bi Mwanakheri, sikukuita." Nikamjibu, "Nimeshukuru, Ndugu. Bi Sichana msalimie." Kakaza mwendo.

Na usiku, nilipokuwa namsuka nywele, Mwanamkasi kauliza bila kunitazama, "Mama, uliniona?"

"Nimekuona vizuri sana."

"Uongo. Mie nilikuwa giza."

"Ndiyo," nikamwambia. "Na katika giza lote la uwanja ule, hapana aliyekuwa giza kama wewe."

Kesho nina foleni ya mchele. Nitawaeleza wote, wa mbele na wa nyuma.